Koki ya Matulo na Swichi Isiyokuwepo

Mukhisa ndiye aliyeuliza swali ambalo sote tulikuwa nalo moyoni, ila sisi wengine tulikuwa na adabu. "Kama hiyo swichi haiko," akasema, akiwa amekalia mtungi wake wa maziwa kama kuku anayeatamia, "sasa imehalibika aje?"

Ilikuwa Jumamosi asubuhi pale kituo cha maziwa cha Matulo, jua limeshaanza kutuchoma utosi, na foleni ya wakulima imetoka mlangoni, ikazunguka choo, ikafika barabarani. Mitungi imejaa. Tangi la kupozea linanguruma vizuri, baridi kabisa, tupu kabisa. Lakini koki ya kuingizia maziwa ilikuwa imefumba kinywa na haikutaka kufunguka. Mzee mmoja alijaribu kututuliza kwa kusema subira huvuta heri. Mukhisa akamwambia kwamba subira ya maziwa huvuta maziwa lala.

Mimi naitwa Edah. Nilikuwa matroni wa bweni la wasichana huko Kitale mpaka nikastaafu, na sauti yangu haijastaafu. Ng'ombe sina. Nilikuwa nimekuja kuazima sufuria kubwa kwa Phelista, mwenyekiti wa kituo, ambaye ni mke wa kaka yangu Wanyonyi. Ukienda kwa wifi yako kuazima sufuria, uwe tayari kupikwa wewe.

Labda mnajiuliza ni koki gani hiyo isiyofunguliwa kwa mkono. Zamani ilikuwa na mkono. Wakulima waliung'oa wenyewe, kwa kura na kwa makofi, baada ya kugundua kwamba kuna watu wanapitisha maziwa ya maji pale mwenye zamu akiwa ni ndugu yao. Wakasema afadhali mashine, mashine haina shemeji. Tangu hapo mizani inapima, kompyuta inaridhika, ndipo koki inafunguka yenyewe. Ule mkono walimpa fundi wa kuchomelea, naye akautumia kwenye mlango wa banda lake la nguruwe, ambako unafanya kazi vizuri sana.

Sasa mambo ya hiyo kompyuta. Nabwile, binti ya Phelista, aliwahi kunieleza nikiwa namsuka nywele, kwa hiyo hakuweza kukimbia maswali yangu. Lile sanduku ni moja, lakini ndani yake kuna kompyuta tatu ambazo hazipo. Moja inasoma mizani, moja inaamuru koki, moja inawatumia wakulima ujumbe kwa simu. Na kwa kuwa hazipo, haziwezi kuunganishwa kwa waya, kwa hiyo zimeunganishwa na swichi ambayo nayo haipo; ni programu tu. Nilimwambia Nabwile kwamba kama ningeleta maelezo kama hayo kwa mwalimu mkuu wangu, ningefutwa kazi. Lakini kila siku maziwa yaliingia, na kwa hivyo nikanyamaza.

Asubuhi hiyo hayakuingia. Mizani ilisoma, koki haikusikia. Phelista alikuwa amempigia fundi wa kampuni iliyotuuzia mashine, naye akasema kwa upole sana kwamba atakuja Jumanne. Jumanne, wakati ng'ombe wanakamwa tena jioni.

Phelista akanivuta kando. Yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu waache kuuzia wachuuzi wa baiskeli, walete maziwa yao mahali pamoja. Na wachuuzi walikuwa wameshapata habari. Walisimama ng'ambo ya barabara, wameegemea baiskeli zao, hawasemi neno, wanatabasamu tu kama watu waliofika mapema kwenye sherehe.

"Hii maziwa ikimwagwa leo, hakuna mtu atarudi hapa kesho," akaniambia. "Kituo kimekufa, Edah. Miaka yangu yote imekufa."

"Si tumpigie Kiragu?" nikasema.

Akanitazama kana kwamba nimemwambia acheze disko kanisani.

Kiragu ni mchumba wa Nabwile. Ni kijana wa Kitale, wazazi wake ni wale waliotoka Mkoa wa Kati zamani wakanunua shamba Trans-Nzoia, na kazi yake ndiyo hiyo hiyo ya mitandao ya kompyuta. Kwa akili ya kawaida, mtu ambaye maziwa yake yanaharibika na mkwe wake ni fundi angepiga simu kabla hata ya kusalimia. Lakini kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawaonani uso. Hawashikani mikono, hawaketi chumba kimoja, hawasemezani. Wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye mahindi. Kuna watu siku hizi wanalegeza, hasa wale wa mjini, lakini Phelista si wa kulegeza. Kiragu alipokuja kujitambulisha, yeye alishinda jikoni mlango umefungwa, na chakula kikatoka kupitia mikono ya wengine. Kijana wa watu alipomaliza kula alisimama uani akaushukuru mlango.

"Nabwile ndiye huwa anatusemea," Phelista akasema.

"Nabwile yuko semina ya walimu Bungoma, na simu imezimwa. Nimejaribu."

Akatazama foleni. Akatazama wachuuzi. Mmoja wao alikuwa ameanza kusuuza mitungi yake.

"Piga wewe," akasema. "Wewe ni shangazi, wewe unaweza kusema na yeye. Utakuwa unaniambia, mimi nakuambia."

Tukapanga hivi. Phelista akaingia chumba cha kompyuta, ambacho ufunguo wake anao yeye peke yake, akafunga mlango. Mimi nikasimama barazani chini ya dirisha la wavu, simu sikioni. Nilimwambia niweke sauti kubwa asikie mwenyewe. Akakataa. "Sauti yake ikiingia humu ni yeye ameingia."

Kiragu alipokea upesi. Nyuma yake kulikuwa na honi za malori na watu wanaogombana. Alikuwa kwenye foleni ya mbolea, Kitale, kwa niaba ya baba yake mzee Gichuki, na foleni yenyewe ilikuwa ya tangu alfajiri.

"Anti, habari ya asubuhi. Mko salama?"

"Hatuko salama," nikamwambia, na nikamweleza.

"Sasa shida ni laptop nimeacha nyumbani," akasema. "Na nikitoka kwa hii laini, mzee atapanda mahindi bila mbolea na atasema ni mimi. Lakini nina simu. Wacha nijaribu na simu."

Alikuwa ameiwekea kompyuta yetu programu ya kuingilia kwa mbali ile siku ya kujitambulisha, Nabwile alipoomba ufunguo kwa mama yake akampeleka kituoni wakisubiri chakula kitoke kwa ule mlango. Ilihitaji tarakimu zinazoonekana kwenye skrini. Phelista akanisomea, mimi nikazipaza, na foleni nzima ikazirudia baada yangu kama kiitikio. Kama kuna mwizi pale Matulo, alipata kila kitu siku hiyo.

"Sawa, nimeingia," Kiragu akasema.

"Ameingia," nikawatangazia watu.

Mukhisa akainuka kwenye mtungi wake akatazama barabarani. "Ameingia wapi? Mimi sioni mtu."

Nikamuuliza Kiragu kwa niaba ya Mukhisa, maana lile swali lilikuwa bado linatusumbua, kwamba hii swichi isiyokuwepo inaharibikaje. Akafikiri kidogo. "Anti, mwambie swichi ni mshenga. Mizani haisemezani na koki, lazima neno lipitie kwa mshenga. Sasa mizani imesema, koki haijasikia. Hiyo ni mshenga amepotea njia."

Nilipowaeleza hivyo walielewa wote mara moja, na wengine wakanitazama mimi. Nilijifanya sioni.

"Sasa muulize Mama," Kiragu akasema, "kuna kitu kipya kimechomekwa kwa kompyuta tangu jana? Hata kama ni kidogo."

Nikauliza kupitia wavu. Sauti ya Phelista ikaja kavu. "Hapana."

"Anasema hapana."

"Hata flashi? Simu? Mtu anachaji simu hapo?"

"Nimesema hapana," Phelista akasema, kabla sijafungua mdomo kuuliza.

Kiragu akaamini. Angefanya nini? Mwanamume ambaye hajamaliza kupeleka ng'ombe wa mahari hawezi kumwambia mama mkwe kwamba anasema uongo. Basi akaanza kutafuta ugonjwa mahali ambapo haukuwepo. Akazima kompyuta ya kwanza isiyokuwepo, akaiwasha. Akazima ya pili. Alikuwa akifanya yote hayo kwa kidole gumba kwenye kioo kidogo, katikati ya foleni ya mbolea, na mara kwa mara nilimsikia akisema "Songa mbele mzee, nakuja," kwa mtu wa Kitale.

Nami nilikuwa na shida yangu. Kiragu alikuwa anasema kwa mkato, kama mafundi wote. "Mwambie Mama asiguse kitu." Maneno hayo yalivyo siwezi kumpelekea mama mkwe. Mshenga mwenye akili hapeleki maneno mabichi, anayapika kwanza. Kwa hiyo niliinama dirishani nikasema, "Phelista, mkwe wako anakusalimu sana, anasema anajua umechoka tangu asubuhi, na kama hutaona vibaya, na kama hiyo si kazi kubwa kwako, anaomba kwamba kwa sasa hivi usiguse…"

"Nimeshabonyeza," Phelista akasema. "Ilikuwa inaniuliza ndiyo au hapana. Nimesema ndiyo."

Upande wa Kitale nikasikia mtu akivuta pumzi ndefu. Kila alichokuwa amefanya kilikuwa kimefutika.

Tukaanza tena. Ikawa vile vile. Yeye anasema "ngoja", mimi naipamba ngoja, na mpaka nimalize kuipamba Phelista hajangoja. Yeye naye akijibu, "Mwambie aharakishe, maziwa inaharibika," mimi najua huwezi kumkaripia mkwe ambaye bado hajafunga ndoa, kwa hiyo nilimwambia Kiragu, "Mama anasema hakuna haraka sana." Nilidhani ninajenga undugu. Kumbe nilikuwa nabomoa kituo cha maziwa.

Mama mmoja karibu na mlango alifunua mtungi wake, akanusa, akamwonyesha jirani. Jirani akanusa akatazama kando. Yule mama akafunika mtungi wake taratibu bila kusema kitu, na hiyo iliniuma kuliko kelele zote za Mukhisa. Ng'ambo ya barabara mchuuzi mmoja alianza kuvuka na baiskeli yake, polepole, akiongea na mtu wa mwisho kwenye foleni.

"Anti," Kiragu akasema, "mimi sielewi. Kila kitu kiko sawa lakini swichi imeshika njia nyingine kabisa. Wacha nifungue pale chini nione… ngoja, hiki kidole… ah, nimebonyeza kitu kingine…"

Ndani ya chumba Phelista akapiga yowe. Nilidhani ni umeme. Nikachungulia kwenye wavu, nikamwona amesimama, kiti kimeanguka nyuma yake, na kwenye ile skrini kubwa alikuwepo Kiragu.

Si kwamba alikuwa amepiga simu ya video. Ilikuwa picha, ile aliyopigwa uani kwetu siku ya kujitambulisha, na ilikuwa imekuzwa. Imekuzwa vibaya sana. Hukuona shati wala masikio; uliona jicho moja, nyusi, na kovu refu lililokata ile nyusi katikati. Lilikuwa limejaa skrini yote kama mto kwenye ramani.

Phelista akavua leso yake kiunoni akaifunika kompyuta.

"Mulamwa," nikamwita wifi yangu kwa sauti ya chini, "anaona akiwa Kitale. Leso yako haifiki huko."

Akasimama hapo, ameishikilia leso kwa mikono miwili, hajui aiache au aizidishe. Na kwa kuwa sasa alikuwa amesimama, nikaona kile ambacho mgongo wake ulikuwa umekificha mezani alipokuwa ameketi: waya mweupe unaotoka kwenye kompyuta, unapita chini ya kitabu cha nyimbo, unaishia kwenye simu yake. Ile simu yenye kioo kilichopasuka, ambayo ukitazama mtu ndani yake unamwona vipande vipande.

Nilielewa yote kwa mara moja. Nabwile alimtumia mama yake picha ya mkwe. Kwenye kioo kibovu mkwe haonekani. Phelista akaja mapema kabla ya watu, akachomeka simu kwenye kompyuta ya ushirika ili amtazame kwa ukubwa, na simu ilipouliza ndiyo au hapana akasema ndiyo kwa kila kitu, kama anavyofanya. Na swichi isiyokuwepo, ikiona njia mpya imefunguka, ikaacha waya wa koki ikaikumbatia simu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini sikumwambia hivyo. Uso wake ulikuwa umeshaumbuka vya kutosha.

Kwa Kiragu nilisikia malori tu. Niliomba Mungu asicheke, kwa sababu angecheka, ndoa ingekuwa imekwisha pale pale kwenye mbolea.

Hakucheka. Alikohoa kidogo akasema, "Anti. Mwambie Mama nimepata shida. Kuna simu imechomekwa. Pengine mtu alikuwa anachaji akasahau. Swichi imeshika simu badala ya waya wa koki. Ni kitu ya kawaida, hata ofisini kwetu hufanyika."

Neno la picha hakulisema. Hapo ndipo nilipompenda yule kijana, na mimi si mtu wa kupenda upesi.

"Basi tuitoe simu," nikasema.

"Hapo ndipo kuna kazi. Mimi mwenyewe nimeingia kupitia mtandao wa hiyo simu. Ikitoka, mimi sioni kitu tena. Itabaki Mama achague njia mwenyewe, na mimi nimwambie kwa mdomo. Na Anti… usikasirike. Lakini maneno yafike vile nimeyasema. Ukiongeza salamu, tutachelewa."

Nilikasirika, lakini kwa muda mfupi. Nikatazama ile foleni. Mtu wa mwisho alikuwa ameshampa mchuuzi mtungi wake. Wa pili kutoka mwisho alikuwa anautazama wake.

Nikaenda mlangoni nikagonga. Phelista akafungua kidogo, leso begani, macho mekundu. Nikamnyooshea simu.

"Mimi nimejiuzulu ushenga," nikamwambia. "Sema na yeye."

"Edah, unajua siwezi."

"Najua. Huwezi kusema na yeye, na mimi siwezi kusema kompyuta. Sasa chagua."

"Watu watasema nini?"

Mukhisa, ambaye kila mara yuko karibu na mlango wowote ulio wazi, akasema, "Watu watasema maziwa imeingia, mama. Si uongee tu na huyo mtoto, bana. Sisi tutatazama huko." Akawageukia wenzake akawaambia watazame barabarani. Na foleni nzima, kutoka mlangoni mpaka chooni, ikageuza mgongo. Heshima ya namna hiyo sijawahi kuiona hata kanisani.

Phelista akaichukua simu. Aliishika mbali na sikio kwanza, kama kitu cha moto.

"Ni mimi," akasema.

"Ndiyo, Mama," sauti ikasema. Simu yangu ina sauti kubwa hata ukiipunguza, kwa hiyo nilisikia. Sikuwa nasikiliza kwa makusudi. Nilikuwa nimesimama tu karibu sana.

"Nifanye nini?"

"Toa simu yako kwa kompyuta."

Akachomoa waya. Lile jicho kubwa likatoweka kwenye skrini, nyusi na kovu pamoja.

"Mimi sasa sioni kitu," Kiragu akasema. "Uko peke yako, Mama, lakini niko hapa. Kuna mahali pameandikwa mtandao?"

"Iko."

"Fungua. Unaona njia ngapi?"

"Mbili. Moja imeng'aa, ingine imefifia."

"Chagua iliyofifia."

"Hiyo si imekufa?"

"Haijakufa, Mama. Imeachwa tu."

Akaichagua. Hakuna aliyempikia maneno, na hakuna aliyempunguzia. Alikuwa anauliza kwa ukali na yule anajibu kwa mkato, na wote wawili walikuwa wanaelewana vizuri kuliko nilivyowaelewanisha mimi asubuhi nzima. Jambo hilo nimelifikiria sana tangu siku hiyo, na sijalipenda.

"Inaniuliza kama niko na uhakika," Phelista akasema.

"Bonyeza ndiyo."

"Wewe uko na uhakika?"

"Niko, Mama."

Akabonyeza. Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha kule kwenye tangi koki ikafanya tok, ikafunguka, na watu wakageuka wote kwa pamoja wakasahau kwamba walikuwa wanatazama barabarani. Mukhisa alikuwa wa kwanza kumwaga. Hakuwa wa kwanza kwenye foleni, lakini hakuna aliyekuwa na muda wa kubishana. Yule mama aliyenusa mtungi wake alipimwa akakataliwa, maziwa yake yalikuwa yamegeuka, na ya wengine wawili watatu pia. Hakulaumu mtu, alisema atayapika na ugali jioni na atakuja kesho. Aliposema atakuja kesho, nilitazama ng'ambo. Wachuuzi walikuwa wanapanda baiskeli zao.

Nilirudi chumbani kuchukua simu yangu. Kazi ilikuwa imekwisha, na nilitegemea kumkuta Phelista ameshaikata na anatafuta namna ya kunikataza nisiseme nyumbani. Wanyonyi atataka kujua, na wazee watataka kondoo au blanketi la kulisafisha jambo hili, na mimi kama shangazi ndiye nitakayepanga ni nani alete nini. Nilikuwa hata nimeshaanza kufikiria blanketi.

Lakini hakuwa ameikata. Alikuwa ameketi kwenye kile kiti, ameugeukia ukuta, simu sikioni kabisa.

"Nimeshavunja," alikuwa anamwambia. "Wacha nivunje yote. Hiyo kovu iko juu ya macho yako. Ulipigana?"

Honi ikalia Kitale. "Hapana, Mama. Ni jembe. Ndugu yangu alikuwa analima, mimi nikapita nyuma yake. Nilikuwa mdogo."

"Nimeitazama sana. Nimeifanya kubwa, nikaifanya kubwa zaidi, sikuelewa ni ya nini. Unajua Nabwile ni mmoja tu. Mungu hakunipa mwingine."

"Najua, Mama."

"Watu wanakuja hapa wanaleta ng'ombe, wanahesabu ng'ombe, wanakula, wanaenda. Mimi niko jikoni. Hakuna mtu ananiuliza, na hakuna mahali ninaweza kuuliza. Kwa hivyo nakuuliza sasa. Wewe ni mtu wa kupiga?"

Mimi nilikuwa mlangoni, na ningeweza kuondoka, na sikuondoka. Mimi pia nilitolewa nyumbani kwa wimbo na chakula, na mama yangu alikuwa jikoni. Hakuna aliyemuuliza mume wangu swali hilo. Lingeulizwa, angejibu uongo, lakini angalau lingekuwa limeulizwa.

Nilisikia mtu wa Kitale akimwambia asonge mbele, na nikamsikia akimwambia yule mtu apite tu.

"Hapana, Mama," akasema. "Sitampiga."

Phelista alifuta uso kwa pindo la leso.

"Sema tena," akamwambia. "Huku mtandao ni mbaya."

Mtandao ulikuwa mzuri kabisa. Hata mimi niliyesimama mlangoni nilikuwa nimesikia kila neno. Kiragu akasema tena.